Urio wa Machame, Urio wa Meru: mwongozo wa kufuatilia jina la ukoo kwa wazee, nyaraka na vinasaba

Msibani Usa River, upande wa Meru, mzee mmoja alisikia nikitajwa kwa jina la Urio, akanivuta pembeni karibu na majiko.

"Wewe Urio wa wapi?"

"Wa Machame, mzee."

"Basi wewe ni mtoto wetu. Sisi tulitoka huko huko."

Nilimuuliza ni nani hasa aliyetoka Machame, lini, na alifuata nini Meru. Hakujua. Aliambiwa na baba yake, na baba yake aliambiwa na wake. Mimi nami sikuwa na la kuongeza, ila kwamba nimekua nikisikia maneno hayo hayo upande wetu wa mlima, na kwamba Kimeru, Mmachame akitega sikio, hakosi kushika maneno mengi.

Swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii. Nimeona pia kwamba haliko kwa akina Urio tu. Massawe wa tarafa moja hukutana na Massawe wa tarafa nyingine chuoni, wakaitana ndugu bila kujua kama ni kweli. Mushi hukutana na Mushi, Kimaro na Kimaro, Swai na Swai. Wengine hufika hatua ya uchumba ndipo wazee wanashtuka. Ninaeleza hapa njia nzima ya kulijibu, kuanzia kwa shangazi jikoni mpaka kwenye kijiti cha kukwangulia shavu. Mpangilio usiuguse. Anayeanza na vinasaba hupata orodha ya watu asiowajua na hana pa kuwaweka.

Lielewe jina kabla ya kulifuata

Jina la ukoo kama tunavyolitumia leo, neno la mwisho kwenye cheti, ni mgeni kwetu. Zamani mtu alikuwa na jina lake, akajulikana ni mwana wa nani na ni wa ukoo gani. Ilipokuja misheni, shule na kodi, karani alikuwa na safu moja ya kujaza na mtu mbele yake. Aliandika alichokisikia. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja waliweza kutoka na majina tofauti: aliyebatizwa akaandikwa jina la ukoo, aliyeenda shule ya mbali akaandikwa jina la baba. Mtoto aliyelelewa kwa wajomba aliandikwa jina la wajomba. Kwa hiyo kuna watu wa jina moja wasio na undugu, na kuna ndugu wa damu wasio na jina moja. Ukilisahau hili utapoteza miaka ukifuata jina na kuiacha damu.

Kuna pia suala la tahajia. Wajerumani waliandika kwa masikio yao: Moshi ikawa Moschi, Kibosho ikawa Kiboscho, Machame ikawa Madschame. Basi Mushi mtafute kama Muschi, na majina yenye "y" yatafute kwa "j". Herufi "r" na "l" nazo hubadilishana. Kabla hujafungua kitabu chochote, andika kwenye karatasi kila namna ambayo jina lenu lingeweza kuandikwa.

Kisha andika swali lako kwa sentensi moja. "Kujua asili yetu" hakuna kitabu kinachoweza kulijibu. Langu lilikuwa hivi: je, Urio wa upande wetu wa Machame na Urio wa familia ya yule mzee wa Meru wana babu mmoja kwa upande wa kiumeni? Swali la namna hiyo linakuonesha ni nani wa kumuuliza na ni nani wa kupimwa.

Wazee, na hasa akina mama

Desemba ndiyo wakati. Watu wamepanda kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, na vikao vya ukoo vinakaa. Lakini usiishie kwenye kikao. Kikaoni wanaume husema historia ile iliyokubalika. Mambo mengine yako jikoni. Mke aliyeolewa katika ukoo wenu miaka 50 iliyopita alilazimika kujifunza nani ni nani, kwa sababu kukosea salamu ilikuwa aibu, naye huyakumbuka mambo ambayo waliozaliwa humo hawakuyatilia maanani.

Mimi nilifunguliwa macho na shangazi yangu, mwenye zaidi ya miaka 80. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilipomuuliza juu ya baba yake na ndugu zake alianza kusema, akaona sielewi, akachukua maganda. Ganda refu aliliweka juu: huyu ndiye babu yake, yaani baba wa babu yangu. Chini yake akaweka matatu: mke mkubwa, wa pili, na yule aliyerithiwa baada ya ndugu yake babu kufa. Kisha akavunja vipande vidogo, akapanga watoto chini ya kila mama, huku utomvu ukimkauka vidoleni. Hapo ndipo nilipojua kwamba babu yangu na yule mzee niliyemdhania ndugu yake wa tumbo moja walikuwa wa mama tofauti. Nilipiga picha yale maganda kwa simu kabla hayajapelekwa kwa ng'ombe. Picha hiyo imenisaidia kuliko mti wowote niliouchora mwenyewe, na mtaona sababu tukifika kwenye vinasaba.

Maswali yanayozaa matunda ni haya. Ni ukoo gani hatuoani nao, na kwa nini? Mwiko wa ndoa ni kumbukumbu ya undugu ambayo watu wameitunza hata baada ya kusahau majina. Kihamba cha kwanza, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kilikuwa wapi, na nani yuko pale sasa? Nani amezikwa wapi? Kwetu watu huzikwa nyumbani, katikati ya migomba, na masale yaliyopandwa mpakani au kaburini yanaweza kuwa na umri mkubwa kuliko msimulizi. Mfongo unaoleta maji ulichimbwa na nani? Mifongo mingi ilichimbwa na koo, na bado inabeba majina ya walioianzisha.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize tukio, nawe utajua mwaka. Mangi (mtawala) Meli alinyongwa Old Moshi Machi 2, 1900. Upande wa Meru, wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Oktoba 1896. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikafika Arusha 1929. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933. Wameru waliondolewa Engare Nanyuki Novemba 1951, na Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa 1952. "Babu alikuwa ameshatahiriwa treni ilipofika?" ni swali ambalo mzee analijibu bila kusita. Kwa Wameru na Waarusha una msaada zaidi, kwa sababu wazee hujua rika za baba zao: Nyangusi, Seuri, Makaa. Rika likitajwa, kizazi kimejulikana.

Tahadhari moja kubwa. Uchaggani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na anayemfuata jina la babu mzaa mama. Hii ni zawadi kwa mtafiti, kwa sababu jina la mjukuu linakupa jina la babu hata pasipo karatasi. Ni mtego pia. Watu wawili wa jina moja, wametengana kwa vizazi viwili, hugeuka mtu mmoja midomoni mwa wasimulizi, na vizazi viwili katikati vinamezwa. Ukisikia mtu alimpiga Mjerumani kisha akauza kahawa KNCU, jiulize kama huyo ni mmoja au ni babu na mjukuu.

Rekodi kila kitu kwa simu, kwa ruhusa, na kwa lugha ya mzee mwenyewe. Kiswahili chake kitakupa majibu mafupi, lakini Kimachame au Kimeru chake kitakupa hadithi.

Karatasi zilizoko nyumbani

Kabla ya kupanda gari kwenda ofisi yoyote, omba kufunguliwa sanduku la bati. Humo hukaa vyeti vya ubatizo na kipaimara, kadi za TANU, stakabadhi za kodi, kadi za kliniki, hati za ndoa. Familia za Kiislamu zitakuwa na hati za ndoa zenye jina la walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na mashahidi, na walii mara nyingi ni ndugu wa karibu wa upande wa baba.

Karatasi mbili watu huzidharau. Ya kwanza ni ratiba ya mazishi yenye historia fupi ya marehemu. Itumie kwa uangalifu, kwani mara nyingi imeandikwa usiku na kijana aliyeambiwa aharakishe, lakini orodha ya watoto, wakwe na wajukuu huwa imehakikiwa na wengi. Ya pili, na kwangu ndiyo yenye thamani zaidi, ni muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Hapo wanaukoo wametajwa, wake wametajwa, watoto wametajwa, na watu wameweka saini mbele ya wengine waliokuwa na sababu ya kupinga. Nakala ikikosekana nyumbani, msimamizi wa mirathi anajua namba ya shauri, na faili huombwa mahakamani kwa namba hiyo.

Vitabu vya kanisa

Hapa ndipo penye hazina ya Kilimanjaro na Meru, na hapa nitakaa kidogo.

Walutheri wa Leipzig waliingia Machame 1893. Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu, walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafika Kibosho 1893. Meru, baada ya yale mauaji ya 1896, Walutheri walirudi wakajenga Nkoaranga 1902. Kwa hiyo familia iliyobatizwa mapema inaweza kuwa na maandishi yanayomtaja mtu aliyezaliwa kabla Mjerumani hajaja. Usajili wa serikali hauwezi kushindana na hilo. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ni ya 1920, lakini wazee wetu wengi wa vijijini hawakuandikishwa kabisa, na vyeti vyao vya RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanapokuwa navyo, vilipatikana ukubwani kwa kutegemea hicho hicho cheti cha ubatizo.

Mara ya kwanza nilienda ofisi moja ya kanisa mikono mitupu nikarudishwa, nao walikuwa na haki. Vitabu hivyo vina siri za watu. Mara ya pili nilikuwa na barua ya mzee wa kanisa wa mtaa wetu, kitambulisho, na karatasi yenye majina matatu na miaka ya kukadiria. Nilikaa siku mbili. Nenda hivyo hivyo: barua, majina machache, muda wa kutosha, na mikono mikavu. Usiombe kupiga picha ukurasa mzima, omba kunakili mstari wako. Lete sadaka ya ofisi bila kuombwa.

Kitabu nilichofunuliwa kilikuwa kipana kama sinia, kingo zimeliwa na mende, wino umegeuka rangi ya kahawa iliyochujwa. Kila mstari ulikuwa na namba, tarehe, jina la ubatizo, na kwa waliobatizwa ukubwani jina lao la zamani kando yake. Kisha baba, mama, mahali, wasimamizi. Tafuta hilo jina la zamani. Wazee wa nyumbani wanamjua mtu kwa hilo, na wajukuu wanamjua kwa lile la Kikristo, na kitabu peke yake ndicho kinachowaunganisha. Wasimamizi wa ubatizo nao waandike wote, maana mara kwa mara ni ndugu au majirani wa kihamba kimoja.

Vitabu vya Wakatoliki vya zamani viko kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia; katekista mwenye umri atakusomea. Uzuri wake uko pembeni mwa ukurasa: sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe kwenye kitabu alikobatizwa. Hivyo msichana aliyebatizwa Kibosho akaolewa Rombo anaweza kupatikana kwa maandishi hayo ya pembeni. Parokia ikikosa kitabu, uliza ofisi ya Jimbo la Moshi au Jimbo Kuu la Arusha. Kwa Walutheri ni Dayosisi ya Kaskazini na Dayosisi ya Meru.

Jambo moja la kuangalia. Ukiona Urio amebatizwa Meru miaka ya mwanzo na mahali pa asili pameandikwa Madschame, hujapata bado jibu. Wamisionari walihama na wasaidizi wao, kwa hiyo huyo anaweza kuwa mwalimu aliyeletwa na misheni, ambaye hahusiani na Urio waliokuwapo Meru zamani. Mstari mmoja wa kitabu huthibitisha mtu mmoja tu.

Mbali kidogo na nyumbani

Vyama vya msingi vya ushirika vilikuwa na daftari za wanachama wakulima wa kahawa. Kama kata yenu ilikuwa na chama cha zamani, muulize katibu. Mwanachama mara nyingi alirithisha nafasi yake, na urithi huo umeandikwa. Shule kongwe zina daftari za uandikishaji zenye jina la mzazi na kijiji.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza. Humo utakuta mashauri ya ardhi, mamangi na walioshitakiana nao. Mtu wa kawaida hatajwi sana, hivyo usisafiri mpaka uwe na tukio maalumu la kufuatilia. Nyaraka za misheni ya Leipzig zenyewe zinatunzwa Halle, Ujerumani, katika Taasisi za Francke, na picha nyingi za zamani za misheni hiyo, zikiwamo za Kilimanjaro na Meru, zinaonekana bure mtandaoni kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California. Waoneshe wazee picha hizo kwenye simu. Hata kama hawatamtambua mtu, watatambua mahali, na mahali huvuta kumbukumbu.

Yote haya yaandike kwa utaratibu mmoja: kila dai na chanzo chake. "Baba wa Eliya ni fulani, kasema shangazi, Desemba" ni tofauti na "kitabu cha ubatizo, namba fulani." Programu ya Gramps ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yako. FamilySearch nayo ni ya bure, ila taarifa za waliofariki huonekana na wote na wengine wanaweza kuzihariri.

Vinasaba: ni kipimo kipi

Kila mtu ana kromosomu 46, jozi 23. Kwa ajili ya ukoo kuna vipimo vitatu, na watu huvichanganya.

Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karibu bila kubadilika. Kwa kuwa ukoo wetu nao hufuata baba, hiki ndicho kipimo cha jina. Wanaume tu ndio wenye nayo. Dada wa ukoo amwombe kaka, baba, baba mdogo au mtoto wa kaka yake.

Mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, ila mabinti tu ndio wanaoiendeleza. Kwa swali la jina haisaidii. Inasaidia ukitaka kujua kama watu wawili wametoka kwa bibi mmoja, mama kwa mama.

Cha tatu hupima kromosomu zilizobaki, zile tunazopata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wake kwa waume wanaweza kupima. Ni kizuri kwa vizazi vinne au vitano tu, kwa sababu kila kizazi kinakata nusu. Kadiri unavyosubiri ndivyo kinavyofifia, kwa hiyo mpime bibi wa miaka 90 kabla ya kumpima mjukuu wake.

Asilimia za kabila wanazotoa makampuni ziweke kando. Zinategemea watu waliokwisha kupimwa, na Watanzania humo ni wachache. Haziwezi kukutofautishia Mmachame na Mmeru.

Kwa swali la Urio, basi, ni Y. Usinunue cha alama 12 au 25; alama ni sehemu za kromosomu hiyo zinazolinganishwa kati ya mtu na mtu. Wanaume wengi mno wa jamii za Kibantu wako kwenye tawi moja kubwa liitwalo E-M2, na kwa alama chache mtu wa Moshi atafanana na mtu wa Lagos bila undugu wowote wa karibu. Anza na alama 37, na ikiwezekana 111. FamilyTreeDNA ya Houston, Marekani, iliyoanza 2000, huuza vipimo hivyo, pamoja na Big Y-700 inayosoma kromosomu hiyo kwa undani, na ina miradi ya majina ya ukoo inayosimamiwa na watu wa kujitolea.

Nani apimwe

Mtu mmoja kila upande hatoshi. Akitoka tofauti, hutajua kama ni ukoo mzima au ni mstari wake peke yake. Chukua wanaume wawili Machame, wa matawi yaliyoachana mapema kadiri wazee wanavyokumbuka, na wawili Meru vivyo hivyo. Wale wa Machame kwanza wafanane wao kwa wao. Wakifanana, umepata Y ya tawi lenu mpaka kwa babu yao wa pamoja. Fanya vivyo hivyo Meru, ndipo ulinganishe.

Matokeo yanaweza kuja kwa sura tatu. Tofauti ya alama sifuri mpaka mbili kati ya 37, na tawi lile lile kwenye kipimo cha undani kama Big Y-700, inaonesha babu mmoja wa kiumeni katika karne zisizo mbali sana. Upande mmoja kuwa E-M2 na mwingine E-M35, tawi jingine la mbali, maana yake hakuna babu wa kiumeni wa pamoja kwa makumi ya maelfu ya miaka, na jina limefika kwa njia nyingine. Sura ya tatu, tawi kubwa lile lile lakini alama zimeachana, ndiyo inayodanganya wengi: wanasherehekea E-M2 kana kwamba ni ubini.

Hata wakifanana kabisa, vinasaba havisemi nani alihama. Kwamba mtu alitoka Machame kwenda Meru au Meru kwenda Machame ni habari ya wazee na vitabu. Wameru wenyewe husimulia kwamba koo zao hazikutoka mahali pamoja: wengine walitoka Usambara, kama Mbise na Kaaya wanavyosimuliwa, na wengine Kilimanjaro.

Sasa rudi kwenye maganda ya ndizi. Mjane akirithiwa na ndugu wa marehemu, watoto wanaofuata wana Y ile ile, kwa sababu ndugu hao wana baba mmoja. Kipimo cha Y hakitaona chochote. Kipimo cha tatu kitaona. Binamu wa babu mmoja na bibi mmoja hushirikiana wastani wa sentimogani 866 (kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba wanavyofanana), yaani kama asilimia 12.5. Binamu wa babu mmoja na bibi tofauti hushirikiana karibu nusu ya hapo, wastani wa 450. Kwa familia za wake wengi tofauti hiyo ni kubwa. Ukiona 450 ukadhani ni mtoto wa binamu, kwa kuwa naye huangukia karibu na hapo hapo, utamweka mtu kizazi kisicho chake. Ndiyo sababu nilitaka muwe mmeshachora nani ni wa mama gani kabla ya kupima. Na chini ya sentimogani 7 usihangaike. Mifanano mingi midogo kiasi hicho si ya kweli.

Sheria, ridhaa na siri

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Mashauri ya kutambua mzazi hupitia huko kwa maombi ya mahakama, polisi, ustawi wa jamii au wakili. Kabla ya kutuma mate ya mtu yeyote nje ya nchi, waandikie na uulize utaratibu wa sampuli kuvuka mpaka. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taarifa za mwili wa mtu ni zake.

Mzee aelezwe kwa lugha yake, na mtoto wake mtu mzima akiwapo: tunachukua nini, kinakwenda wapi, nani ataona, na kwamba anaweza kukataa leo au kujitoa kesho. Mwambie ukweli kwamba makampuni haya hayako salama moja kwa moja. Mwaka 2023 wezi wa mtandao walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Atumie jina la siri kwenye akaunti akitaka.

Na mwambie hili kabla hajafungua kinywa: inawezekana tukakuta ulichoambiwa kuhusu baba yako si hivyo. Kila ukoo una mtoto aliyekuja na mama yake, aliyeokotwa vitani, aliyezaliwa kwa binti nyumbani akapewa jina la babu. Hao ni wa ukoo. Walipewa jina, walilima kihamba, walizika wazee. Kubalianeni mapema kwamba tokeo la namna hiyo ataambiwa aliyepimwa peke yake, faraghani, na si kikaoni. Asiyekubali sharti hilo asipewe kazi ya kusimamia akaunti.

Kuchukua sampuli ni kazi ya dakika chache. Asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chochote kwa nusu saa kabla. Kwa wazee, kijiti cha kusugua shavuni ni rahisi kuliko kichupa cha kutemea, maana mate yao ni haba. Andika namba ya kichupa papo hapo mbele ya mashahidi. Watu wawili wa jina moja mezani ni ajali inayongoja kutokea. Usiache bahasha garini juani.

Sisi tumefika hapa. Barua iko kwa Mkemia Mkuu na tunasubiri jibu. Wanaume wanne wameshakubali, wawili Machame na wawili Meru, na yule mzee wa Usa River ni mmoja wao. Ametoa sharti moja: kabla ya kijiti kuingia mdomoni mwake, apelekwe Machame akaoneshwe kile kihamba ambacho shangazi anasema ndicho cha kwanza, akaone kama masale yake yamepandwa kwa mstari ule ambao baba yake alimsimulia.